Siku nne bila gesi wala umeme: chakula tayari katika nyumba moja ya Langoni, Lamu

Nyumba iko Langoni, mjini Lamu. Ni nyumba ya mfano: tumeiunga kwa mambo yanayojirudia kila masika yanapokuwa makali, tukayaweka chini ya paa moja ili yapimwe pamoja. Walaji ni sita: mama mwenye nyumba, ambaye ndiye mpishi, mumewe, ambaye ni nahodha wa boti ya Mokowe, ng'ambo ya bara, bibi mwenye sukari na presha, binti aliyejifungua na bado yumo ndani ya arobaini, na wavulana wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa 11. Kuna na kichanga cha siku 12, ambacho chakula chake kinatoka kwa mamake peke yake.

Mwisho wa Aprili mvua ilishika. Mto Tana ulifurika na barabara ya Garsen ikakatika, kama ilivyokatika Novemba 2023 na tena masika ya 2024. Malori ya gesi na ya vyakula yakakwama ng'ambo. Mtungi wa kilo 13 uliisha jioni hiyo hiyo, na dukani ilibaki mitungi mitupu tu. Usiku umeme ukapotea; pampu haikusukuma, mfereji ukakauka, yakabaki maji ya tangi la darini, nayo chini ya nusu. Alfajiri mume aliteleza gatini, akavunjika mguu, akalazwa. Mkewe akakaa naye hospitalini.

Kwa hiyo kabla ya saa mbili asubuhi nyumba ilikuwa imepoteza moto, umeme, maji na mikono ya mpishi. Chakula hakikuwa kimeisha: mchele ulikuwepo kilo 10, unga kilo 4, maharagwe makavu, nazi sita, papa mkavu wa kutosha. Vyote hivyo vinataka moto, maji na mtu wa kusimama jikoni. Katika hali kama hii, kabla ya kuuliza kabatini kuna nini, tuulize nyumba imepungukiwa na nini. Chakula kinachohitaji kimojawapo cha vilivyokosekana hakitasaidia, hata kama paketi imeandikwa dakika mbili.

Kilichonunuliwa asubuhi ya kwanza

Binti aliwatuma wavulana dukani. Walirudi na pakiti kumi na mbili za tambi za kuchemsha, biskuti za krimu, krispi, chupa mbili za soda, na kopo la maziwa ya unga ya mtoto ambalo shangazi mmoja alishauri kwa nia njema kabisa.

Tambi ndizo zilizoharibu hesabu. Kila pakiti ilitaka takriban vikombe viwili vya maji yaliyochemka. Wavulana hawakungoja hayo. Walizivunja ndani ya pakiti, wakanyunyizia ule unga wa kiungo, wakatikisa, wakatafuna kavu. Watoto wote wa Pwani wanaujua mchezo huu. Lakini kiungo hicho ni chumvi tupu: pakiti moja inaweza kubeba nusu au zaidi ya kikomo cha gramu 5 kwa siku ambacho Shirika la Afya Duniani limemwekea mtu mzima. Kufika adhuhuri walikuwa wamekwisha kunywa maji kuliko wote nyumbani, na tangi halikuwa na wa kulijaza. Krispi ni yale yale.

Maziwa ya unga yalikuwa hasara ya pesa na yangeweza kuwa hatari. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama, hata maji. Unga ule unatakiwa ukorogwe kwa maji yaliyochemka ambayo bado yana joto la nyuzi 70 au zaidi, na chupa na chuchu zichemshwe kila mara. Nyumba isiyo na moto wala maji ndiyo isiyofaa kabisa kuanza safari hiyo. Pesa za kopo moja zingemnunulia binti karanga, maziwa na mkate. Anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 zaidi kwa siku, na kinywaji kila anaponyonyesha. Akila na kunywa, mtoto ameshakula.

Papa mkavu naye tumtaje, kwa kuwa wengi humhesabu kama akiba ya shida. Haozi, kweli. Lakini lazima alowekwe, amwagwe maji ya chumvi, kisha apikwe. Siku ya kukosa maji, papa ni mzigo.

Maji

Kwa kunywa na matumizi madogo ya chakula, hesabu lita 3 kwa mtu kwa siku. Walaji sita kwa siku tatu ni lita 54, yaani mitungi mitatu ya lita 20 ikabaki na akiba kidogo. Kuoga na kufua ni hesabu nyingine. Mitungi hii ijazwe mawingu yanapofunga. Mfereji ukishakauka, kila mtu anamtafuta mwenye punda na bei inapanda.

Maji ya kisima yakiwa maangavu, kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha mtungi wa lita 20. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Klorini inaua vijidudu lakini haiondoi chumvi, kwa hiyo chagua kisima cha maji matamu tangu mwanzo. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, yaachwe yatulie, ndipo yatiwe dawa.

Halafu kuna madafu. Lamu hayakosekani, yamefungwa na Mungu mwenyewe, na hayahitaji kuchemshwa. Yaanguliwe siku hiyo hiyo, yakatwe wakati wa kunywa. Tahadhari ni kwa mwenye ugonjwa wa figo, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi.

Sinia tatu saa saba, usiku hakuna kitu

Habari ya mguu wa nahodha ilienea kabla ya adhuhuri, na saa saba mchana zikaingia sinia tatu kwa mpigo: wali wa nazi na mbaazi, pilau, na wali mwingine wa nazi na samaki wa kupaka. Hiki ndicho chakula tayari bora kuliko vyote mjini: kimepikwa na mtu anayejua mdomo wako, kimeletwa hadi mlangoni, hakikugharimu kitu. Udhaifu wake ni saa. Majirani hawakuulizana, wote wakafikiria mchana.

Walikula wakashiba, ikabaki zaidi ya nusu. Binti, kwa mazoea, aliiweka ndani ya friji. Friji isiyo na umeme hubaki na baridi ya kuaminika kwa karibu saa 4 tu, na sharti mlango usifunguliwe. Hii ilikuwa imezimika tangu usiku, kwa hiyo ilikuwa kabati lenye joto na mlango unaofunga vizuri. Asubuhi wavulana walikula mwiku wa wali wa nazi uliopashwa juu ya makaa machache ya chai. Kabla ya saa nne wote wawili walikuwa wakitapika.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu kosa hili ni la kila nyumba. Ndani ya mchele mkavu kuna mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo zinavumilia kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinaongezeka, na zinatoa sumu. Sumu ile ya kutapisha haivunjwi na moto: unaweza kuupasha wali hadi ukafuka, bakteria wakafa, na sumu ikabaki ilivyokuwa. Dalili huanza ndani ya saa 1 hadi 6. Wali ule ulikaa kutoka saa saba mchana hadi saa moja asubuhi, yaani saa 18, katika hewa ya masika ya Lamu. Kanuni ya chakula kilichopikwa ni saa 2 nje ya friji, na hewa ikipita nyuzi 32 ni saa 1. Tui linaongeza shida nyingine, maana lina mafuta na protini na halina uchachu wa kukizuia kitu. Mbaazi za nazi angalau zinakupa ishara, zinatoa povu na harufu kali zikichacha. Wali wenye sumu unaweza kunukia vizuri tu.

Dawa yake haikuwa kukataa sinia. Ilikuwa kupanga. Siku ya pili bibi alikaa mlangoni, na jirani wa kwanza alipopita mazungumzo yalikuwa haya:

"Bibi, leo cha mchana ni changu, msihangaike."

"Ahsante mwanangu, cha mchana nimeshakipata. Wewe nitilie cha magharibi, wa watu wanne, na usikitie tui."

Wengine wataona haya kusema hivyo. Bibi wa umri ule hana haya hiyo, na ndiyo maana kazi hii apewe yeye. Idadi aliyotaja ni ya waliobaki nyumbani; cha wawili wa hospitalini kilipangiwa mtu mwingine. Chakula cha kuletwa kikiwa kikavu, mathalani chapati, mahamri, samaki wa kukaanga au mkate wa mofa, kinasafiri vizuri kuliko mchuzi.

Kikiwa cha majimaji, kitiwe kwenye hotpoti, na hotpoti ipashwe kwanza: mimina maji yaliyochemka, funika dakika 5 hadi 10, mwaga, kisha jaza chakula kikiwa bado kinafuka. Hotpoti iliyojazwa hadi juu inashika moto muda mrefu; iliyojazwa robo inapoa upesi kwa sababu nafasi iliyobaki ni hewa. Kinachotakiwa ni chakula kibaki juu ya nyuzi 60 mpaka kiliwe. Kwa mkono hiyo ni sahani usiyoweza kuila mara moja bila kupuliza.

Mahamri yana kanuni ya kinyume. Yapoe kabisa kabla ya kufunikwa. Yakifunikwa ya moto yanatoa jasho, ngozi inalowa, na siku ya pili yana ukungu. Yakipoa vizuri, yakafunikwa kwa kawa au kitambaa kikavu, yanafika asubuhi ya pili bila tatizo.

Jiko la makaa

Mtu atauliza: makaa si yapo? Yapo, na nyumba ilikuwa na nusu gunia. Lakini masika yalikuwa yameyalowesha, mpishi hayupo, na chumba chenye kichanga si mahali pa jiko. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Mvua ikinyesha watu hufunga madirisha, na hapo ndipo watu hulala wasiamke. Jiko liwashwe kiwandani, kwenye ua wa ndani ulio wazi juu, mara moja kwa siku: chai ya kutosha kujaza chupa mbili, na uji wa bibi. Hiyo inatosha. Nyumba ikijaribu kupika milo mitatu juu ya jiko moja la makaa mabichi, binti wa arobaini ndiye atakayeinama mbele ya moshi.

Bibi

Kwa mgonjwa wa sukari, hatari ya kwanza ya siku za namna hii ni mlo kuchelewa. Vidonge vya jamii ya glibenklamidi vinaendelea kushusha sukari hata kama mtu hajala. Metformini peke yake hufanya hivyo mara chache sana. Binti hakujua bibi anakunywa vipi. Jina la dawa liandikwe kwenye karatasi na libandikwe kabatini, na daktari aulizwe mapema la kufanya siku chakula kikikosekana. Asijipunguzie mwenyewe.

Akianza kutoka jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio au kuongea mambo yasiyoshikana, apewe sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji kidogo, au mililita 150 za soda ya kawaida. Ngoja dakika 15. Hali isipobadilika, rudia, kisha ale. Asiyeweza kumeza asilazimishwe, akimbizwe hospitali. Ile soda ya wavulana, basi, ilikuwa na kazi moja ya maana, na chupa moja ingefichwa kwa ajili hiyo.

Biskuti za krimu hazikumfaa, wala halua iliyokuja siku ya tatu. Mlo wake wa bila moto ni nusu mkebe wa maharagwe, vipande viwili vya mkate, na karanga konzi moja. Tende tatu zinatosha. Sahani nzima haifai. Kwa ajili ya presha, maji ya mkebe wa maharagwe yamwagwe: kuyachuja tu kunapunguza chumvi kwa karibu theluthi, na hapo hujatumia tone la maji yako.

Sanduku lililostahili kuwepo

Kipimo kinachotumika katika misaada ya dharura ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku kwa wastani. Watoto wanakula pungufu, anayenyonyesha zaidi, na hesabu inasawazika. Kwa walaji sita ni 12,600.

Siku moja bila moto, kwa nyumba hii, ingekuwa hivi: mikate mitatu ya gramu 400 (karibu kalori 3,100), mikebe minne ya maharagwe ya gramu 400 (1,500), mikebe minne ya dagaa au samaki ya gramu 155 (1,100), nusu kilo ya karanga zilizokaangwa (2,850), nusu kilo ya tende (1,400), lita 2 za maziwa ya pakiti yasiyohitaji friji (1,250), na gramu 400 za biskuti za kawaida (1,800). Jumla ni 13,000 hivi, na uzito karibu kilo 7. Zidisha kwa siku tatu: zaidi ya kilo 20, bila maji. Kinachobeba hesabu ni karanga. Wengi wanaziona kama kitu cha kutafuna barazani, na ndizo zenye nguvu nyingi kuliko chochote kingine katika sanduku kwa uzito wake.

Ongeza ndimu na vitunguu, maana siku ya pili kila mtu amechoka na ladha ya mkebe. Visheti vilivyofungwa kwenye deli hukaa wiki kadhaa na watoto hawavikatai. Mkate ndio dhaifu. Katika unyevu wa masika siku ya nne una ukungu, kwa hiyo uliwe kwanza, biskuti ngumu zibaki nyuma. Maziwa ya pakiti yakishafunguliwa bila friji yaishe siku hiyo. Ndiyo sababu pakiti za nusu lita ni bora kuliko za lita.

Zile paketi za gramu 92 za karanga na maziwa zenye kalori 500, zinazotolewa kliniki, zisiwemo. Ni dawa ya mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo mkali, na kila moja inayouzwa mtaani imetoka kinywani mwa mtoto huyo.

Mikebe

Mikebe iliyokuwemo nyumbani ilikuwa miwili tu, nayo haina kipete cha kuvuta. Kisu cha jikoni kilitumika, kidole cha mvulana mkubwa kikapasuka. Chakula cha mkebe kilianza mwaka 1810, na vifaa maalum vya kuufungulia vikapatikana miaka ya 1850. Kwa karibu nusu karne watu walitumia patasi na nyundo, na inaelekea nyumba nyingi za kwetu bado zimo katika nusu karne hiyo. Nunua yenye kipete, na kifunguo kimoja kifungwe kwa uzi ndani ya sanduku.

Mkebe uliovimba, unaovuja, au uliobonyea kwenye mshono usifunguliwe wala usionjwe. Sumu ya botulini haitegemei harufu wala ladha. Samaki wa mkebe, hasa jodari na vibua, akishafunguliwa aliwe papo hapo: akiachwa kwenye joto anajenga histamini, ambayo kupasha hakuiondoi, na mlaji anawiva uso, kichwa kinamgonga, mwili unamwasha ndani ya saa moja. Ndiyo maana mkebe wa gramu 155 unaoisha ni bora kuliko wa gramu 425 unaobaki.

Hewa ya bahari inakula bati. Panguza mikebe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, itie kwenye deli la mfuniko, iinue kutoka sakafuni, uiweke chumba cha chini ambako kuta za mawe zinahifadhi ubaridi. Darini chini ya mabati hapafai. Mgao wa askari wa Marekani uitwao MRE hukaa karibu miaka 3 kwenye nyuzi 27 na miezi 6 tu kwenye nyuzi 38. Ni chakula kile kile, tofauti ni joto.

Siku ya nne

Umeme ulirudi adhuhuri. Friza ilikuwa na kilo tano za samaki, na jaribu lilikuwa kuifunga tu igande upya. Friza iliyojaa pomoni inashika baridi kwa karibu saa 48, iliyojaa nusu saa 24, mlango ukiwa haukufunguliwa. Hii ilikuwa nusu, imezimika siku tatu, na wavulana walikuwa wakiifungua kutafuta barafu. Samaki ambaye bado ana chembe za barafu ndani ya nyama angeweza kugandishwa tena au kupikwa mara moja. Hawa walikuwa laini hadi mfupani na maji mekundu yamejaa chini ya chano. Walitupwa wote, jodari akiwa wa kwanza, na friza ikaoshwa kwa sabuni na kuachwa wazi ikauke kabla ya kuwashwa.